Gunia Lililoingia Mwisho

Wambura alisikiliza mahindi kwa meno. Alichukua punje moja kutoka kwenye gunia, akaiweka kati ya magego, akauma, na sauti aliyoisikia ndani ya taya ndiyo iliyoamua kama gunia lingeingia ghalani au lingerudi juani. Punje ikikatika kama kijiti kikavu, aliinamisha kichwa kukubali. Ikibonyea, aliitema kiganjani, akamwonyesha mwenye gunia, na mwenye gunia akabeba mzigo wake kurudi nyumbani akiwa amekunja uso.

Kwa waliodhani meno ya mwanamke mmoja hayatoshi, alikuwa na chupa. Alitia punje, akatia chumvi iliyokauka vizuri, akatikisa, akaiweka chini. Chumvi ikigandia kioo, mahindi bado yana maji. Alikuwa pia na bambo, bomba jembamba lenye ncha, alilolichoma tumboni mwa gunia ili kutoa punje za katikati, kwa sababu alijua kwamba mtu huweka mahindi mazuri mdomoni mwa gunia na aibu yake akaificha chini.

Familia kumi na nne za upande ule wa Kiambere, ambako ardhi nyekundu huteremka na mawe yake hadi kwenye maji ya bwawa, ziliweka mavuno yao katika ghala moja, na ufunguo wa ghala ulining'inia shingoni mwa Wambura. Hakuwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Misheck, mdogo wa marehemu mume wake, mtu wa sauti kubwa aliyeamini kwamba mkutano usio na hotuba yake haujafanyika. Wambura alikuwa na ufunguo tu.

Kazi ile alijifunza kwa uchungu. Mwaka wa njaa ya themanini na nne alikuwa mama mchanga, mtoto wake Runji mgongoni, na debe la mwisho la mahindi lililobaki nyumbani lilioza kwa sababu aliyafunika yakiwa bado na umande. Mumewe, Njuki, aliketi kando ya moto akayachambua punje kwa punje, asitamke lawama hata moja, na ukimya ule ulimkata Wambura kuliko tusi. Miaka michache baadaye maji ya bwawa yalipanda, yakawafukuza mtoni wao na majirani zao, na Njuki akajenga ghala mpya juu ya kilima, sakafu yake ikiwa imeinuliwa juu ya nguzo. Wambura alisimama chini ya sakafu ile mpya, akaupapasa ubao kwa kiganja, akajiambia kwamba hakuna punje itakayooza hapo akiwa hai. Njuki alikufa. Ubao ukabaki, na kiapo kikabaki.

Alikuwa na swali moja aliloliuliza kila mwaka. Harufu ya uvundo iliposikika, watu walitaka kutoa magunia yote nje, wayachanganye, wayaanike, wapige kelele. Wambura aliwazuia mlangoni. "Ngojeni kwanza," alisema. "Lipi liliingia mwisho?" Walienda kwa hilo, wakachoma bambo, na mara nyingi ndilo lililokuwa na ugonjwa. Walilitoa hilo peke yake. Ghala ikapona.

Mwezi wa Aprili mwaka wa elfu mbili na kumi, wauguzi walikuja sokoni na mashine ya kupima presha. Wambura alikuwa na miaka hamsini na saba na hakuumwa popote. Alinyoosha mkono kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Muuguzi alipima, akapima tena, akamtazama kwa macho ya mtu aliyekuta nyoka ndani ya kikapu.

Hakuhitaji kuelezwa. Mama yake mzazi alikuwa ameanguka jikoni na mwiko mkononi, na nusu ya uso wake ilitangulia kufa siku tatu kabla ya nusu nyingine. Kwa hivyo alipopewa vidonge vya manjano na kuambiwa ameze asubuhi, mchana na jioni, alivipokea kwa mikono miwili. Alivitia kwenye kopo la majani ya chai, akaliweka kando ya chupa ya chumvi, na hakukosa hata kimoja. Rafiki yake Kiende, mwanamke wa Meru aliyeolewa huku chini kwenye joto na asiyeacha kulilalamikia, alipewa vyake siku hiyo hiyo, vidogo na vyeupe, vya aina nyingine.

"Mbona vyako vina rangi nzuri?" Kiende aliuliza.

"Ni vya watu wazuri," Wambura akamjibu.

Ilipofika Juni alianza kuchoka. Haukuwa uchovu wa jembe, ambao aliujua kama ajuavyo mlango wa nyumba yake. Huu ulikuwa uchovu uliomngojea kitandani asubuhi kabla hajainuka. Chakula kilimkinaisha. Ngozi ilimwasha viganjani na kwenye nyayo, mahali ambapo mtu hana namna ya kujikuna akatosheka. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Hakumwambia mtu. Siku moja wakiwa wanapukuchua maharagwe nje, Kiende alimshika kidevu.

"Mama Runji, hebu geukia jua."

"Kuna nini?"

"Macho yako. Yamekuwa manjano kama kiini cha yai."

Kila mtu aliyepata habari alielewa mara moja, na wote walielewa kitu kimoja. Mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha juu ya mavuno, na redio ilikuwa imesema wiki baada ya wiki kuhusu sumukuvu, ile sumu ya kuvu ya mahindi inayokula ini. Walikuwapo wachache waliosema Wambura anajinywea muratina kichakani, lakini Kiende aliwanyamazisha kwa kicheko. "Wambura alewe? Huyu hata soda humfanya aimbe nyimbo za kanisa." Waliobaki walitazama kilima, wakatazama ghala.

Misheck aliitisha mkutano. Alizungumza kwa muda mrefu kuhusu usalama wa watoto, na haikuwa rahisi kumpinga, maana alisema kweli tupu. Kisha akafika alikokuwa akienda.

"Shemeji, sisemi umekosa. Lakini wewe ndiye hulala na ufunguo. Kama mlinzi wa ghala amepatwa, sisi wa nje ni nani?"

"Ninyi mnakula mahindi hayo hayo," Wambura alisema. "Nani mwingine ana macho kama yangu?"

"Unangoja tuwe wangapi?"

Waliamua kwamba shimo lichimbwe nyuma ya ghala, na Jumamosi baada ya wiki mbili mahindi yote, magunia arobaini na mawili, yamwagwe humo na kufukiwa kwa chokaa. Hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha kaya kumi na nne hadi mvua ya Oktoba ilete mavuno mengine. Mtu mmoja aliuliza watakula nini. Misheck aliangalia kofia yake mkononi na kwa mara ya kwanza akakosa hotuba.

Kesho yake Wambura alikwenda zahanati. Muuguzi, aliyekuwa na foleni hadi kwenye mti, alimvuta kope ya chini, akasikia habari za mahindi, akamkatiza. "Acha mahindi kabisa. Dawa ya presha usiache hata siku moja."

Alitii yote mawili. Alikula mtama na ndengu, hakugusa ugali wala uji wa mahindi wala githeri, mahindi yaliyopikwa na maharagwe. Baada ya siku kumi macho yalikuwa yamezidi kuwa manjano, na kucha nazo zilianza kufuata.

Ndipo alipokaa kizingitini, kopo la chai miguuni, akafanya kile alichokifanya ghalani maisha yake yote. Aliuhesabu mwili wake kama anayehesabu magunia. Mahindi yale aliyala tangu Februari, na Machi alikuwa mzima akibeba maji. Mahindi ameyatoa, na uvundo umezidi. Basi, lipi liliingia mwisho? Alitazama kopo. Alilitazama kwa muda mrefu, kwa huzuni, kama mtu anavyomtazama ndugu anayemshuku. Ndani ya kopo lile mlikuwa na ulinzi wake dhidi ya kifo cha mama yake. Akikosea akaviacha vidonge, huenda akaanguka jikoni. Akikosea akaendelea kuvimeza, ini litakwisha na mahindi yatafukiwa bure, na watoto wa kilima kizima watalala njaa kwa kosa ambalo halikuwa la mahindi.

Jioni ile alimeza kidonge chake kama kawaida. Asubuhi, siku ya Alhamisi, alimwambia Kiende wavae viatu, wanakwenda Embu.

Katika hospitali ya Embu waliketi hadi saa nane. Aliyewapokea mwishowe alikuwa afisa wa tiba aitwaye Kithinji, kijana mwembamba kutoka Nkubu, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwaka uanze. Alimtazama Wambura, akaandika, akauliza bila kuinua kichwa:

"Pombe?"

"Hapana."

"Mahindi ya kuvu?"

Wambura alifungua kiondo, akaweka mezani chupa yenye mahindi na chumvi, na kando yake kopo la majani ya chai.

"Tikisa," alisema.

Kithinji aliinua kichwa. "Mama?"

"Tikisa hiyo chupa, daktari. Uone kama chumvi inagandia."

Alitikisa. Chumvi ilianguka chini ya chupa ikiwa kavu kama mchanga. Kiende alicheka kwa pua. Wambura alimweleza yote kwa mpangilio: Februari, Aprili, Juni, siku kumi za mtama na ndengu. Alipomaliza alilisukuma kopo mbele. "Sisemi ni hivi. Hivi vilinipa usingizi, maana mama yangu alikufa kwa presha. Nasema tu kwamba viliingia mwisho."

Kijana alikimwaga kidonge kimoja kiganjani, akakisoma. Kisha akainuka akaenda kwenye kabati, akatoa kitabu kizito chenye jalada lililofungwa kwa plasta ya hospitali. Alisoma akiwa amesimama. Aliporudi kuketi alikuwa ameacha kumwita mgonjwa anayefuata.

"Dawa hii inaitwa methyldopa," alisema polepole. "Imesaidia watu wengi sana, hata akina mama wajawazito. Lakini kwa mtu mmoja mmoja, mara chache, ini huikataa. Mara nyingi huwa ndani ya miezi mitatu ya kwanza."

"Mara chache."

"Mara chache sana, mama."

"Basi ile mara imekuja Kiambere," Wambura alisema.

Damu ilitolewa, na majibu yalipotoka jioni yalionyesha ini lililoumia vibaya. Virusi vya homa ya ini havikuonekana. Kithinji alilichukua lile kopo na hakulirudisha. Alimwandikia dawa nyingine ya presha, akamwonya kwamba bila dawa yoyote atakuwa ametoka kwenye moto na kuingia majini, na akamtaka arudi kila wiki kupimwa.

"Sasa niandikie barua," Wambura alisema. "Uwaambie kamati kwamba mahindi hayana kosa."

Kithinji alitikisa kichwa. "Hilo siwezi. Mahindi sijayapima. Na hata kuhusu dawa, tutajua hasa tukiona ini linapona baada ya kuiacha."

Mwanamke mwingine angekasirika. Wambura alimtazama kijana yule kwa heshima mpya, maana ndivyo yeye mwenyewe angejibu kuhusu gunia ambalo hajalichoma bambo. "Basi andika unaloweza."

Aliandika mistari minne. Kwamba kuna sababu nzuri ya kushuku dawa. Kwamba mahindi yapelekwe maabara. Kwamba hadi majibu yafike, yasiliwe na yasifukiwe.

Jumamosi walikuta shimo limekwisha kuchimbwa, refu na safi kama kaburi la mtu tajiri, na watu wamelizunguka. Misheck alisoma barua mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

"Kwa hivyo ni dawa ya serikali iliyokuua, si mahindi yetu."

"Sijafa, shemeji."

Watu walicheka, na kicheko kile kililegeza kitu. Wambura alivua ufunguo shingoni, akauweka mkononi mwa Misheck. "Ukae nao wewe. Msiseme nilibadilisha magunia. Bambo liko ndani ya mlango. Afisa wa kilimo achome kila gunia, hadi katikati."

Akarudi nyumbani bila ufunguo, na waliomwona akishuka kilima walisema alionekana mdogo.

Zilikuwa wiki ngumu. Kaya ziliazimana mtama na kunde, na wengine walitembea hadi kwa ndugu wa mbali wakiwa na vikapu vitupu. Hakuna aliyemtukana usoni, ila kila jioni moshi mwembamba uliotoka jikoni mwa majirani ulimsema. Kila wiki alikwenda Embu na kurudi. Kuwashwa kulikoma kwanza. Kisha mkojo ukawa maji. Kisha, taratibu sana, kama alfajiri ya siku ya mawingu, weupe ukaanza kurudi machoni kutoka pembeni.

Wiki ya tano afisa wa kilimo alipanda kilima na karatasi kutoka maabara. Magunia arobaini na moja yalikuwa salama. Moja lilikuwa na kuvu kidogo katikati. Lilikuwa la Misheck, aliyeliingiza siku moja ya Juni ambapo uchovu ulimlaza Wambura na ufunguo ulikuwa kwa mke wa Misheck. Hakuna aliyeuliza liliingia lini.

Misheck alimrudishia ufunguo mbele ya wote. Wanawake walipiga vigelegele, sufuria la uji likawekwa motoni pale pale. Wambura alizunguka nyuma ya ghala kutafuta kuni, akapita kando ya lile shimo, akasimama.

Ndani ya shimo, juu ya udongo mwekundu, vilikuwa vimetapakaa vidonge. Vya manjano, vyeupe, vya waridi, vingine bado ndani ya vikaratasi vya zahanati, vingine vikiwa vimeyeyuka kwa umande.

Alimwita Kiende. Kiende alikuja akiwa na mwiko, akaona, akainamisha macho.

"Si nilisikia kwa masikio yangu daktari akisema zinakula ini? Niliwaambia watu. Watu wakaogopa."

"Na vyako?"

"Vile vyeupe pale karibu na jiwe."

Wambura alimwangalia rafiki yake, na mwiko ule mkononi mwake. Alikuwa ameona mkono mwingine ukishika mwiko namna ile. Alirudi mbele ya ghala. Wale waliomjua kwa ukimya wake walishangaa kumsikia.

"Miaka yote mnanisikia nikiuliza lipi liliingia mwisho. Leo nauliza jingine. Gunia moja likioza tunachoma ghala?"

"Hapana," walijibu, bila kujua wanakopelekwa.

"Lile la Misheck tumefanya nini nalo?"

"Tumelitoa."

"Lile peke yake?"

"Lile peke yake."

"Basi nani ametupa ghala nzima ya dawa shimoni kule nyuma?"

Wambura alichota uji kutoka kwenye sufuria, uji wa mahindi yale yale, ukiwa bado unafuka. Akatoa mfukoni karatasi ndogo, akatoa kidonge chake kipya, akakishika juu ili kila mtu akione. "Kimoja kiliniumiza, wakanipa kingine. Yule daktari hakuniambia niache. Aliniambia nibadilishe. Kama macho yenu yanawaka manjano, nendeni upesi mpimwe. Kama hayawaki, mezeni dawa zenu. Mama yangu hakuwa na kidonge cha kutupa." Akakimeza, akashushia na uji, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

Alasiri hiyo walifukia shimo. Kiende ndiye aliyeshika sepetu la kwanza, akilalamikia joto. Watu wakaondoka mmoja mmoja na mafungu yao ya mahindi. Misheck alibaki nyuma akizungusha kofia vidoleni, akijifanya anakagua nguzo za ghala.

"Shemeji," alisema akiwa amempa mgongo, kwa sauti ndogo ambayo mikutano haikuijua. "Vile vya waridi vilikuwa vyangu."

"Nilifikiri hivyo."

"Ile zahanati hufunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Utakuwa unapita upande ule Jumatatu?"

Wambura alifunga mlango wa ghala, akajaribu kufuli, akaurudisha ufunguo shingoni. Jumatatu ilikuwa siku yake ya kupalilia, na hakuwa na safari yoyote ya upande ule.

"Napita," alisema.